Gamba Moja Lililoleta Shaka

Septemba 1957, bustani ya wanyama ya Lincoln Park, Chicago, ilimpelekea Karl Patterson Schmidt nyoka mdogo amtambue. Si ati walimpelekea mtu wa kubahatisha. Schmidt, miaka 67, alikuwa ametumia maisha yake kuchunguza nyoka na mijusi katika jumba la makumbusho la Field.

Kwa kichwa na rangi, mgeni huyo alifanana na boomslang, nyoka wa mitini wa Afrika. Lakini gamba la chini, pale mkia unapoanzia, lilikuwa zima, na la boomslang kwa kawaida limegawanyika. Shaka ikaingia. Schmidt akamshika, naye akamuuma kidole gumba. Jino moja tu lilizama, kama milimita 3.

Hakukimbilia hospitali. Enzi hizo wengi waliamini nyoka mwenye meno ya sumu nyuma ya mdomo hamwezi mtu mzima. Alirudi nyumbani akaandika dalili zake moja baada ya nyingine: kichefuchefu, homa, ufizi kutoka damu. Kesho yake alasiri akafa. Sumu ya boomslang huzuia damu kuganda, na yeye alivuja damu kwa ndani.

Boomslang yuko Kenya pia. Kuna na nyoka wa kijani wa jenasi Philothamnus, wala vyura na mijusi, wasio na sumu ya kumdhuru mtu. Hao huuawa kwa kosa la rangi tu. Ukiwatazama vizuri, boomslang ana kichwa kifupi, macho makubwa na magamba yenye mwinuko katikati. Philothamnus ni mwembamba, magamba yake laini. Lakini rangi? Boomslang anaweza kuwa kijani, kahawia, hata karibu mweusi.

Wengine huigiza kabisa. Dasypeltis, anayekula mayai pekee na karibu hana meno, hujikunja na kusugua magamba yake hadi yatoe mlio kama wa Echis, nyoka hatari wa maeneo kame ya kaskazini. Ujanja huo humwokoa kwa ndege na wanyama wanaomwinda. Kwa binadamu mwenye rungu, ndio unaomponza.

Kama alama moja ilimtatiza bingwa akiwa na nyoka mkononi, wewe uliyemwona sekunde tatu kwenye ua utasema nini? Rudi nyuma, mpige picha kwa mbali, mwache apite. Anayemfuata nyoka ili amuue anamsogelea vilevile kama Schmidt.