Noti ya mgomba

Ninayo noti ya dola 10 niliyoinunua kwa mzee anayeuza sarafu za kale hapa Mombasa. Ina picha ya mgomba wenye mkungu, na ahadi ya serikali ya Japani kumlipa anayeishika. Namba haina, imepigwa herufi mbili tu, ya kwanza M, ya Malaya. Mtu aliikunja mara nne, ikawa ndogo kama hirizi.

Waingereza walikuwa wamepanga kuirudia Malaya, iliyotekwa na Wajapani, kwa vita. Mpango waliuita Zipper: majeshi yashuke pwani ya magharibi tarehe 9 Septemba 1945, chini ya kamanda wao Mountbatten. Manowari zake zilikuwa Trincomalee, Ceylon, za kikosi kilekile kilichokuja kujificha hapa Kilindini mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo.

Tarehe 15 Agosti mfalme wa Japani akatangaza kusalimu amri. Ungedhani meli zingekwenda siku hiyohiyo. La. Jenerali MacArthur wa Marekani aliamuru pasitiwe saini popote wala asishuke askari mahali popote kabla yeye hajapokea hati ya Wajapani kwenye Ghuba ya Tokyo, jambo lililofanyika 2 Septemba. Manowari zikafika karibu na Penang, zikakaa baharini zikingoja. Askari wa kwanza wakaingia Penang tarehe 3, Singapore tarehe 5.

Hizo siku 21, toka tangazo la mfalme hadi Singapore, ndizo zinazoniuma kila ninapozisoma. Wajapani walikuwa bado na bunduki, lakini mamlaka yalikuwa yamewatoka. Wapiganaji wa msituni, wengi wao Wachina wakomunisti, wakaingia vijijini kuwaadhibu walioitwa vibaraka, na watu wakauawa bila kesi. Huko Johor Wachina na Wamalay wakachinjana. Wapangaji wa Zipper walihesabu meli na mizinga. Mwanakijiji aliyebaki katikati hakuwa na mlinzi.

Zipper yenyewe haikufutwa. Tarehe 9 askari wa India wakashuka Morib kama ilivyoandikwa, na magari yakadidimia kwenye tope la ufuo, moja nyuma ya jingine. Kama Wajapani wangekuwa bado kwenye mahandaki, askari hao wa India wangeteketea pale. Naamini kusalimu amri kule kuliwaokoa na ramani mbaya.

Jambo moja lilitekelezwa bila kusita: fedha. Utawala wa kijeshi wa Uingereza ulitangaza kwamba noti za Wajapani hazina thamani, wala hazitabadilishwa. Badala yake zikatolewa noti zenye sura ya mfalme George VI na tarehe ya 1 Julai 1941, kana kwamba ile miaka mitatu na nusu haikupita. Lakini ilipita, na mishahara ililipwa kwa migomba, mchele ukauzwa kwa migomba.

Naikunjua yangu polepole, maana mikunjo imeanza kuchanika. Aliyeikunja hivi alitarajia kuitumia.