Njia Mbili za Wete

Anayetoka Chake Chake kwenda Wete, kisiwani Pemba, huchagua baina ya daladala za namba mbili. Ya 606 hushika barabara ya zamani, inayojipinda vilimani upande wa magharibi, kati ya mikarafuu na mabonde ya mpunga. Ya 607 hupita barabara mpya ya upande wa mashariki, iliyonyooka na ya haraka zaidi. Barabara hii mpya imevikwepa vijiji vya njia ya zamani.

Vijiji hivyo vina historia nzito kuliko barabara yenyewe.

Katika karne ya 19 hakuna aliyehitaji barabara ndefu Pemba. Kisiwa ni chembamba, urefu wake kilomita 67 hivi, na pwani ya magharibi imekatwakatwa na hori zinazoingia ndani kabisa. Chake Chake yenyewe imekaa kwenye kichwa cha hori. Karafuu ilishuka kutoka shambani juu ya vichwa vya watu, wengi wao watumwa, au mgongoni mwa punda, ikapakiwa majahazini kwenda Unguja. Bahari ndiyo iliyokuwa barabara kuu. Kisha tufani ya Aprili 1872 ikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ile ya Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo shamba kuu la karafuu la Zanzibar, na mzigo wa kushusha horini ukaongezeka. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, kubeba gunia nako kukawa kazi ya kulipiwa ujira. Magari yalipofika zama za Waingereza, yalikuta nchi ambayo tayari imeshapangwa na karafuu.

Ndiyo maana kuihukumu barabara ya zamani kwa kona zake ni kuionea. Kona ndizo zinazoifikisha kwa mkulima. Barabara iliyonyooka humwahisha abiria wa Wete, lakini mwenye majamvi ya karafuu kilimani bado anahitaji njia inayofika kwake. Mpango wa Marekani wa Changamoto za Milenia, uliotekelezwa Tanzania kati ya 2008 na 2013, ulilitambua hilo: Pemba ulijenga barabara za vijijini, kilomita 35 hivi kwa jumla, ikiwemo ya Bahanasa kupitia Daya hadi Mtambwe.

Miaka ya karibuni Serikali ya Zanzibar imeigeukia tena barabara ya Chake–Wete, kilomita 22.1, ijengwe upya na kupanuliwa. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini upanuzi hula ardhi ya pembeni, na mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kisha huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Fidia ya mti uliokatwa inapaswa kuhesabu miongo hiyo, na kulipwa kabla ya tingatinga kufika.