Habari za Vijana Waingiao Chuo Kikuu Mapema

Mpaka unaotenga shule ya sekondari na chuo kikuu haukuwekwa na maumbile. Umewekwa na watu, na watu wamekuwa wakiung'oa hapa na kuusimika pale kila haja ilipotokea. Sisi wa Afrika Mashariki ni mashahidi wa jambo hili. Kenya ilipoanza mfumo wa 8-4-4 katika mwaka 1985, iliazimia kuondoa kidato cha tano na cha sita, na masomo ya shahada ya kwanza yakaongezwa mwaka mmoja. Tanzania iliviacha vidato hivyo mahali pake. Basi masomo yaliyokuwa ya shule upande mmoja yakawa ya chuo upande wa pili, wala akili za vijana hazikubadilika kwa kuvuka Namanga.

Huo ni mpaka uliosogezwa kwa ajili ya nchi nzima. Marekani ilifanya jambo la namna nyingine: iliuacha mpaka mahali pake, ikawaruhusu baadhi ya vijana kuuvuka kabla ya wenzao. Desturi hiyo ina historia ya zaidi ya miaka 100, nayo yafaa kusomwa na kila mwalimu, kwa sababu yahusu swali ambalo aghalabu huulizwa nusu tu. Watu huuliza: Je, kijana huyu ana akili za kutosha? Nusu ya pili husahauliwa: Akiisha kuvuka, ni nani atakayempokea?

Katika mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na watoto wawili ambao sifa zao zilienea. William James Sidis aliingia akiwa na umri wa miaka 11, baada ya kukataliwa alipokuwa na miaka 9. Januari 1910 alitoa hotuba ya hisabati mbele ya watu wazima, na magazeti yakamfanya tamasha. Alipata shahada mwaka 1914, akafundisha kwa muda mfupi, kisha akajitenga na elimu na watu, akaishi kwa kazi ndogo ndogo za ofisini. Mwaka 1937 jarida moja lilifichua maisha yake. Alilishtaki kwa kuingilia siri zake, na mwaka 1940 mahakama ya rufani ikamkatalia. Alikufa mwaka 1944.

Mwenziwe alikuwa Norbert Wiener, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanzilishi wa saibanetiki, yaani elimu ya mawasiliano na uongozi katika viumbe na mitambo. Yeye naye aliingia chuoni na miaka 11, katika mwaka 1906, akafika Harvard kwa masomo ya juu mwaka huo wa 1909, na mwaka 1913 akapata udaktari. Katika kitabu alichoandika mwaka 1953 juu ya utoto wake hakuficha machungu ya kuishi miongoni mwa watu waliomzidi umri, wala ukali wa baba yake aliyemfundisha. Lakini alieleza pia kwamba baba huyo hakutaka kumpeleka Harvard moja kwa moja, kwa kuogopa kelele za magazeti. Alimpeleka Tufts, chuo kidogo kilichokuwa karibu, mtoto akaendelea kulala nyumbani kwao. Haitakuwa haki kusema kwamba uamuzi huo peke yake ndio uliotenga bahati za wawili hawa. Hata hivyo, twaona kwamba mmoja alichaguliwa chuo kwa kufikiriwa utoto wake, na mwingine alisimamishwa jukwaani.

Watoto hao walikuwa wachache mno hata wakaonekana kama miujiza. Aliyelifanya jambo hili kuwa utaratibu ni Robert Maynard Hutchins, aliyeshika uongozi wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1929 akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka 1942 chuo hicho kiliamua kuwapokea vijana waliomaliza miaka miwili tu ya sekondari na kuwapa shahada kwa masomo ya miaka minne. James Watson aliingia hapo mwaka 1943 akiwa na miaka 15, akamaliza mwaka 1947, na mwaka 1962 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa umbo la DNA. Mfano huu hupendwa sana na watetezi wa haraka. Mimi naona upo mfano mwingine wenye mafunzo zaidi.

Katika mwaka 1944 chuo cha Morehouse, chuo cha Wamarekani Weusi mjini Atlanta, kilikuwa kimepungukiwa na wanafunzi kwa kuwa vijana wengi walikwenda vitani. Kikafungua mlango kwa wanafunzi wa sekondari waliobakiza mwaka mmoja, ikiwa watashinda mtihani wa kuingia. Miongoni mwao alikuwa Martin Luther King, mwenye miaka 15. Alishinda mtihani; lakini alipoanza masomo aligundua, kama alivyosema mwenyewe baadaye, kwamba usomaji wake ulikuwa bado wa kiwango cha darasa la nane. Hilo lilikuwa tunda la shule za ubaguzi alizosomea. Kwa kipimo cha karatasi, mtu angeweza kuhukumu kwamba kijana huyu ameingia kabla ya wakati wake.

Hakurudishwa, wala hakuachwa azame. Alikuwa akilala kwao, na chuoni alimkuta mkuu wake, Benjamin Mays, ambaye alikuwa na desturi ya kuwahutubia wanafunzi wote. King alimfuata baada ya hotuba, akamwuliza na kumbishia, naye Mays akamjibu. Kijana alimaliza mwaka 1948 akiwa na miaka 19, na hata mwisho alimtaja Mays kuwa mlezi wake wa kiroho. Tarehe 9 Aprili 1968 ni Mays huyo huyo aliyesimama katika uwanja wa Morehouse kumsifu mwanafunzi wake mbele ya jeneza.

Vita vingine, vya Korea, vilileta jaribio kubwa zaidi. Mwaka 1951 mfuko mmoja uliotegemea fedha za Ford Foundation ulianza kuwalipia vijana waingie chuoni mapema, kwa nia kwamba wapate elimu kidogo kabla ya kuitwa jeshini. Vyuo 12 vilishiriki, Morehouse kikiwa kimojawapo, na vijana zaidi ya 1,300 walipokelewa. Ripoti ya mwaka 1957 ilionyesha kwamba kwa masomo walilingana na wenzao wakubwa au waliwapita, na kwamba taabu walizopata mwanzoni katika kuzoeana na watu wengi wao walizishinda. Hata hivyo njia hiyo haikuenea. Shule hazikupenda kunyang'anywa wanafunzi wao bora, na njia ya pili ikapendwa zaidi: kumletea kijana masomo ya chuo akiwa bado shuleni. Mpango wa Advanced Placement, uliochukuliwa na College Board mwaka 1955, umesimama juu ya fikira hiyo.

Mpaka hapo waliofikiriwa ni vijana hodari. Mwaka 1974 chuo cha LaGuardia mjini New York kiligeuza hoja. Kwa juhudi za Janet Lieberman ilifunguliwa shule ya sekondari ndani ya chuo, nayo iliwatafuta hasa wale waliokuwa karibu kuacha masomo. Shule ilikuwa ndogo, na ushauri ulifanywa sehemu ya kazi yenyewe. Kisha mwaka 1985 jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kuwalipia wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari masomo ya chuo, na majimbo mengine yakafuata. Katika mwaka wa masomo wa 2022–23 wanafunzi wa sekondari waliosoma angalau somo moja la chuo nchini Marekani walizidi milioni 2.

Wingi huo ni neema, nao una hatari yake. Mwanafunzi wa leo ana nyumba mbili, na kila nyumba yaweza kudhani amekula kwa nyingine. Shule husema ushauri ni kazi ya chuo. Chuo husema huyu bado ni mtoto wa shule. Hapo ndipo kijana huchagua somo asilolihitaji, ambalo pengine chuo atakachohamia hakitalihesabu. Alama mbaya aliyoipata na miaka 16 yaweza kubaki katika kumbukumbu zake za chuo akaikuta tena siku anapoomba nafasi ya masomo ya juu. Anayeumia kwanza ni yule ambaye wazazi wake hawakusoma chuo, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumwonya.

Kwa hiyo chuo chochote kitakachotaka kuwafungulia mlango vijana wa miaka 15, pale Marekani au hapa kwetu, kianze kwa kumtaja mtu. Mtu huyo ampime kijana kabla ya kuingia, na baada ya wiki tatu amwulize kama anaelewa anachosoma. Tena awe na mamlaka ya kumrudisha shuleni bila aibu ikiwa jibu ni la. Mtu huyo asipopatikana, mtihani wa kuingia usitangazwe.