Majilio Kigoma
Kila Majilio, mwaka wa Kanisa unapoanza upya, nakaa benchi la nyuma hapa Kigoma na kuikumbuka Ujiji ya Agosti 1878. Wamisionari wa London Missionary Society walifika wakiwa na kanuni ya 1796: wasilete mfumo wa dhehebu lolote, waumini wajichagulie wenyewe namna ya kuliongoza Kanisa lao. Mwezi mmoja baadaye J. B. Thomson alifariki. Edward Hore alibaki, akapima ziwa. Kisha kituo kikahamia kisiwa cha Kavala, upande wa Kongo. Ujiji ikabaki mji wa Waislamu. Huko nako ni kuchagua.

Leo mzee wa kanisa ametusomea ratiba ya mwaka mzima. Hakuna aliyeulizwa. Safari hii nimenyoosha mkono.