Hema la Bi Rufaida: Kumuuguza Mwenye Maumivu

Mwari akifundwa huambiwa habari za udi, mapishi na kumtunza mume. Habari za mama mkwe aliyelala kitandani na maumivu huachwa, ilhali nyumba nyingi tunazoolewa zina mgonjwa. Na kazi hii ina historia, tena ya wanawake.

Mwaka wa 5 Hijria, katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh alipigwa mshale uliokata mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W) aliagiza alazwe kwenye hema msikitini Madina, apate kumzuru kwa karibu. Ibn Is-haq anaeleza kuwa hema lile lilikuwa la Bi Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, aliyetibu majeruhi na kuwahudumia wasiokuwa na mtu. Saad hakupona. Lakini alikuwa na muuguzi, na wa kumjulia hali.

Bi Aisha (R.A) naye akiagiza talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa mfiwa. Mfiwa hana homa, jamani! Uji ule ulikuwa wa kutuliza moyo.

Karne nyingi baadaye, Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanzia uuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967. Alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa wa namna hii yapo mwilini, moyoni, katika familia na hata katika imani yake, na kwamba dawa itolewe kwa saa zake, isingoje mgonjwa alie. Daktari Anne Merriman akaanzisha huduma hiyo Uganda mwaka 1993, kwa mofini ya maji inayonywewa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika.

Huku kwetu Kisongo jirani yetu ni Ngaramtoni, ilipo hospitali ya Selian, chini ya Mlima Meru. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wauguzi wake na watu wa kujitolea huwafuata wagonjwa majumbani. Ni hospitali ya Kilutheri, ndiyo, na Bi Rufaida angeitambua kazi ile.

Linalotuuma ni kwamba bado tunamwambia mgonjwa asubiri, maradhi yanafuta madhambi, huku chupa ya mofini tumeificha tukihofia atakuwa mlevi. Subira ni yake yeye. Sisi tunaomuuguza tumeamrishwa kutafuta dawa, na wanazuoni wameiruhusu hii panapokuwa na haja ya matibabu, kwa kipimo cha daktari. Inafunga choo, kwa hiyo ombeni na ya kulainisha.

Bibi harusi, ukimkuta mkweo anajigeuza usiku kucha, muulize kwa upole panauma wapi na yanazidi saa ngapi, kisha muuguzi akija mwambie.