Nishat Bagh: Bustani iliyokatiwa maji na mfalme

Bustani hii ipo Srinagar, kwenye bonde la Kashmir, India. Mbele yake kuna Ziwa Dal, nyuma ni milima ya Zabarwan.

Nani aliijenga?
Asif Khan, mwaka 1633. Binti yake ndiye Mumtaz Mahal aliyezikwa Taj Mahal, kwa hiyo alikuwa baba mkwe wa Shah Jahan, mfalme wa dola ya Mughal.

Maji yalifikaje?
Enzi hizo pampu hakuna. Mlima ulikatwa matuta 12, maji yakashuka tuta hadi tuta kwa mfereji wa katikati. Nguvu ya mteremko ndiyo iliyorusha maji juu.

Kisa chenyewe
Inasimuliwa kwamba Shah Jahan aliisifia bustani mara tatu, akitaraji kupewa. Mkwewe kimya. Mfalme kwa hasira akaamuru maji yakatwe, bustani ikanyauka. Mtumishi mmoja akamwonea huruma bosi wake, akayafungulia. Wengi walijua kichwa chake kimeenda. Wapi! Mfalme alimsamehe, na maji yakaruhusiwa tena.

Uende lini?
Aprili na Mei kwa maua. Mwishoni mwa Oktoba majani ya miti ya chinar huwa mekundu kama moto. Wahi asubuhi, panda hadi tuta la juu kabisa, kisha geuka: mfereji wote na ziwa viko chini yako. Hapo utaelewa kwa nini mfalme aliitamani.