Mtama wa Singida na Vyombo vya Angani Virudivyo

Tarehe 11 Februari 2015, chombo cha Ulaya kiitwacho IXV, kisicho na mabawa na chenye uzito wa karibu tani mbili, kilirushwa kwa roketi ya Vega kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Kilipanda hadi kilometa 412, na baada ya dakika 100 hivi kikatua salama katika Bahari ya Pasifiki. Kilipopita juu ya Afrika, mawimbi yake yalinaswa na vituo viwili: Libreville nchini Gabon, na Malindi nchini Kenya. IXV ndicho kilichozaa Space Rider, chombo kinachoundwa ili kiruke, kitue, kisha kiruke tena. Afrika Mashariki basi imo tayari katika kazi hii. Linalobaki kujadiliwa ni masharti.

Vyombo vya aina hii hula fedha za umma. Serikali ya Marekani ilitumia takriban dola bilioni 200 kwa mradi wa Space Shuttle, ulioruka mara 135 kati ya 1981 na 2011. Ulaya iliidhinisha Hermes mwaka 1987, ikaiacha mwaka 1992 gharama zilipoelemea. Ndiyo maana Space Rider inachangiwa na nchi nyingi chini ya shirika la anga la Ulaya, ESA, ambako kila nchi hurudishiwa kandarasi za viwandani kulingana na mchango wake.

Kanuni hiyo Kenya haikuwa nayo. Kati ya 1967 na 1988, roketi tisa zenye setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, mkabala na Ngomeni. Mojawapo ilibeba setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, iliyofungua ukurasa mpya wa elimu ya miale ya eksirei kutoka angani. Sifa zilikuwa kubwa, ila mafunzo kwa Wakenya na haki ya kutumia data vilikuja kupewa uzito katika mkataba uliotiwa saini Trento mwaka 2016. Huko ni kuchelewa mno.

Singida inahusikaje? Mkoa huu wa Tanzania una msimu mmoja wa mvua, nao mara nyingi hukatika mtama ukiwa ndio kwanza unachanua. Mkulima wa Ikungi au Mkalama anayenusurika ukame bado ana kweleakwelea wa kufukuza shambani. Mbegu inayowahi kukomaa kwake ni akiba ya chakula. Novemba 2022, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, IAEA, na lile la chakula na kilimo, FAO, yalipeleka mbegu za mtama katika kituo cha kimataifa cha anga ili mionzi na baridi kali ya huko vizibadilishe. Zilirejea Aprili 2023 zichunguzwe kama zina sifa za kustahimili hali ngumu. Chombo cha Cygnus kilichozipandisha huungua kinaporudi, kwa hiyo zilihitaji usafiri mwingine wa kushuka. Hapo ndipo thamani ya chombo kirudicho inapoonekana.

Wapo watakaosema visima kwanza, na hoja yao ni nzito. Lakini hakuna anayeitaka Tanzania iunde chombo. Inachopaswa kugharimia ni watafiti wa mtama wa kituo cha Hombolo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, mbegu zao, na nafasi ndogo katika safari ya wengine. Serikali itenge fungu hilo katika bajeti ya utafiti wa kilimo, na umiliki wa mbegu zitakazopatikana uandikwe kwenye mkataba kabla hazijaondoka nchini.